Tuijue Bei Kabla ya Kuvuna

Wakulima wa Vugiri, huko milimani wilayani Korogwe, hulima kwa subira na kuuza kwa haraka, kwani mazao yaliyoiva hayangoji. Mnunuzi aijuaye haraka hiyo huwafuata shambani, akataja bei yake na kushindilia gunia la lumbesa.

Mtume (S.A.W.) alikataza kuwalaki wenye bidhaa njiani kabla hawajafika sokoni, na akampa muuzaji hiari ya kuvunja mauzo akishafika na kuijua bei. Asiyeijua bei hupunjika huku akishukuru.

Basi, kabla ya kuvuna, tuwapigie simu jamaa zetu walioko Korogwe mjini, Tanga na Kariakoo, tuulize bei ya siku. Majirani tukusanye mzigo, tukodi gari moja. Tuuze kwa mizani. Lumbesa hata sheria ya vipimo inaikataza.

Nasi tusifiche mabovu chini ya tenga. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula, akakuta majimaji ndani, akamkemea mwenye nalo.

Sare na madaftari ya watoto wetu yamo ndani ya gunia hilo. Tusiliuze gizani.