Bure Siyo Bure Dawa Ikiisha

Wandugu, tuongee ukweli. Hapa Lobule wengi wetu hatuna bima ya afya. Uganda ilifuta malipo kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, na sisi wakimbizi tunatibiwa bure pamoja na wenyeji. Tunashukuru. Lakini sonona, ule ugonjwa wa mawazo mengi, siyo malaria ya dawa za siku tatu. Dawa yake inamezwa miezi mingi, hata ukishapata nafuu. Ikiisha kituoni unaambiwa: nenda kanunue.

Mama mmoja tunayemtembelea alishaanza kulala usingizi, akarudi shambani. Dawa ikakosekana, pesa hakuna. Sasa anajifungia ndani tena.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya taifa, ila haukuwa sheria. Siku ukirudi tunataka mambo mawili: mkimbizi aandikwe, na sonona ilipiwe, pamoja na tiba ya kuongea kwenye kikundi, iliyojaribiwa hukuhuku Uganda, Masaka na Rakai, ikasaidia watu.

Ndugu zetu wa mashirika, msiulize tu kama dawa ipo leo. Ulizeni kama itakuwepo miezi mitatu ijayo.