Korongo Si Pambo

Nikitaja ndege hapa Kanombe, wanafunzi wangu hugeuka kuelekea uwanjani. Sarufi inatofautisha: ndege ya abiria inapaa, ndege mwenye uhai anapaa. Waliomtoa korongo mwenye taji, umusambi wetu, kwenye vinamasi, wakamkata mbawa ili apambe bustani za hoteli na majumba, walimtoa ngeli ya A-WA wakamtia ya I-ZI. Baadhi wamerejeshwa Akagera. Waliolemazwa wanatunzwa Umusambi Village, papa hapa Kigali, nao hawataruka tena. Kisha tunaambiwa eti kutazama ndege ni anasa ya watalii! Anasa ilikuwa ile ya kuwafunga. Mwanafunzi, nenda kinamasini alfajiri, umtazame kwa mbali, wala usimwite “hiyo”.