Kati ya Pepo na Ugonjwa, Tuanze na Mgonjwa

Kijana akianza kusikia sauti, familia nyingi za milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, huuliza kwanza: ni mizimu, ni pepo au ni ugonjwa? Jibu ndilo huamua apelekwe kwa mganga, kwa wanamaombi au zahanati. Kutanguliza swali hilo ni hatari.

Si kila sauti ni ugonjwa. Mashariki ya milima hii, upande wa Matombo, kuna pango la mzimu Kolelo. Zamani watu walitoka hata Uzaramo kwenda kuomba mvua na kusikia neno la mzimu huyo kupitia watunzaji wa pango. Sauti ile ilikuwa na mahali pake na watu wa kuipima. Wamisionari waliofika Matombo mwishoni mwa karne ya 19 nao walifundisha kwamba Mungu husema na watu.

Lakini Mahenge, mkoani humuhumu Morogoro, kuna funzo jingine, la ugonjwa ulioitwa pepo. Miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alikuta wenye kifafa wametengwa. Wengi waliamini ni kazi ya pepo, tena ugonjwa huambukiza, hivyo aliyeangukia moto angeweza kukosa wa kumwopoa. Dawa ziliwapunguzia wengi mianguko.

Wataalamu wa tiba na wa dini wameshakiri mipaka yao. Mwaka 1994 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulitambua matatizo ya kiroho yasiyo ugonjwa wa akili. Kanisa Katoliki nalo, katika kanuni ya 1172 ya sheria zake, hukataza kupunga pepo bila idhini ya askofu, na ibada iliyorekebishwa mwaka 1999 humwonya padri asimdhanie mgonjwa wa akili kuwa amepagawa.

Hekima hiyo ishuke hadi kigangoni. Katekista, mganga au mjomba aulize kwanza: Analala? Anakula? Anaweza kwenda shamba? Ana homa? Sauti inamwamuru nini? Akiamriwa kujidhuru, akikosa usingizi au akianguka, aende zahanati leo, na maombi yaendelee. Anayelala, anayelima na kufarijika katika sala zake asiitwe kichaa.

Mchungaji anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili aonyeshe imani anahatarisha uhai wake. Mtabibu anayecheka habari za mizimu naye humfukuza mgonjwa, asirudi tena. Paroko na mganga wa zahanati wakubaliane mapema namna ya kupelekeana wagonjwa, kwa sababu familia iliyochanganyikiwa haina nguvu ya kuamua ugomvi wao.