Hakuna Kitu Kinachoitwa Bei ya Nyumba Mombasa

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu ya bure ya kupakua. Leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na namba moja.

Ingia kwenye tovuti za kuuza na kukodisha nyumba hapa Kenya, andika "Mombasa", na nyingi zitakupa bei. Wastani wa nyumba ya vyumba 3, Mombasa: milioni kadhaa. Wastani wa kodi, Mombasa: elfu kadhaa kwa mwezi. Namba huwekwa juu kabisa, kwa herufi nene, na chini yake kuna mchoro wenye mstari unaopanda. Mchoro unapendeza kweli. Shida ni kwamba namba ile haielezi nyumba yoyote, ya mtu yeyote, katika mtaa wowote wa Mombasa.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Chukua mfano wa kubuni: nyumba 9 za milioni 2 kila moja huko Kisauni, na jumba moja la milioni 60 lililo ufuoni Nyali. Jumla ni milioni 78. Gawanya kwa 10, unapata milioni 7.8. Sasa nitafutie nyumba ya milioni 7.8 kati ya hizo kumi! Haipo. Mwenye nyumba ya Kisauni anadhani amekuwa tajiri, mwenye jumba anadhani anatukanwa, na mnunuzi mwenye milioni 8 mfukoni anazunguka na dalali mwezi mzima akitafuta kitu ambacho kimezaliwa ndani ya tarakilishi.

Mtu aliyesoma takwimu hata muhula mmoja atasema: basi zipange bei kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue ile ya katikati. Sawa. Ni afadhali. Lakini ukifanya hivyo umepaka rangi ukuta ambao msingi wake umepasuka. Tatizo kubwa haliko kwenye hesabu, liko kwenye jedwali lenyewe.

Nimefanya kazi na hifadhidata za aina hii. Safu zake ni zile zile kila mahali: mtaa, idadi ya vyumba, ukubwa, bei, picha. Aliyezipanga safu hizo alikuwa na imani moja ambayo hakuiandika popote, pengine hata hakujua anayo: kwamba mwenye kuta ndiye mwenye udongo ulio chini ya kuta. Kwa nyumba za Kilimani au Lavington imani hiyo haimsumbui mtu. (Akivuka kwenda Kibera ingemsumbua, lakini Kibera haimo kwenye tovuti yake.) Mombasa imani hiyo ni uongo kwa mitaa mizima.

Kwa msomaji asiye wa Pwani, hebu nieleze. Mombasa kuna kitu kinaitwa nyumba bila ardhi. Wewe una nyumba, umeijenga au umeinunua, unaweza kuipangisha, kuirithisha, hata kuiuza mbele ya wakili au wazee wa mtaa. Udongo ni wa mtu mwingine, na unamlipa kodi ya ardhi. Majengo, Kisauni, Changamwe, Likoni, kote huko utazikuta. Si kitu cha kichochoroni wala cha kificho. Kila mtu anajua, kuanzia mzee wa mtaa mpaka wakili. Asiyejua ni jedwali.

Wala halikuanza jana. Kwa mila za Wamijikenda, na kwa sheria ya Kiislamu, si ajabu mnazi uwe wangu na ardhi iwe yako. Nyumba vile vile. Sheria ya Kiingereza haijui hilo. Kwake, kilichosimama juu ya ardhi huifuata ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ikaleta Sheria ya Hati za Ardhi kwa ukanda wa Pwani, ule wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar na ambao serikali ya Uingereza ilianza kuusimamia 1895. Kila mwenye kudai ardhi aje aeleze dai lake, apewe hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme. Waliokuwa na makaratasi, mawakili na habari walikwenda. Wengi wa Wamijikenda na watu wengine wa kawaida hawakwenda. Wakabaki pale pale walipokuwa, ila sasa kwa idhini ya mtu mwingine. Mwaka 1963 ukanda ukaingia Kenya huru, na hati zile zikaingia nao.

Kwa hiyo unapolinganisha nyumba mbili za mawe za vyumba 6, zilizopakana, bati kwa bati, moja ina hatimiliki na nyingine haina ardhi, hulinganishi bidhaa moja yenye bei mbili. Hizo ni bidhaa mbili tofauti kabisa, kama gari na haki ya kupanda gari. Ukizichanganya katika wastani mmoja hupati bei ya mtaa. Unapata takataka yenye desimali mbili.

Sasa pengine unasema, huyu kijana anakasirikia namba, kwani namba imemuua nani?

Shangazi yangu anakaa Majengo, kwenye nyumba ya Kiswahili aliyoijenga babu: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma. Yeye anaishi viwili, vinne amepangisha, chumba kwa chumba. Bati lilioza akataka mkopo. Akaja kijana nadhifu wa kampuni moja ya mikopo, na kishikwambi mkononi. Akabonyeza: Majengo, vyumba 6. Kishikwambi kikasema milioni kadhaa. Kijana akafurahi, shangazi akafurahi, chai ikamiminwa. Kisha: "Mama, hatimiliki iko wapi?" Shangazi akatoa mkebe wa biskuti. Ndani yake risiti za kodi ya ardhi, nyingine zimekuwa za kahawia, miaka na miaka. Kijana alizitazama kama mtu aliyeletewa tikiti za basi. Mkopo haukutoka, na alipoandika sababu kwenye kishikwambi aliweka "hakuna mali".

Kwa hiyo mashine ile ile, asubuhi moja, ilisema mali ni milioni kadhaa na pia hakuna mali! Na hadithi haikuishia hapo. Warithi wa mwenye ardhi nao wana simu. Nao wameandika "Majengo", wakaona namba nene, wakaja kusema kodi ya ardhi ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya soko. Soko lipi? Lile lililotengenezwa na mtu aliyesahau safu moja. Namba ambayo haikumpa shangazi hata karatasi ya bati ndiyo iliyotumika kumbana.

Haya, tuseme tumeongeza safu ya ardhi. Bado. Nenda Mji wa Kale. Pale kuna nyumba za wakfu, ambazo haziuzwi leo wala kesho. Ziliwekwa kwa ajili ya msikiti, ukoo au maskini. Hazimo sokoni kabisa, kwa hiyo bei unayoiona ya Mji wa Kale ni ya nyumba chache zinazoweza kuuzwa. Na hizo nazo zimo katika eneo la hifadhi, huwezi kung'oa mlango wa nakshi ukaweka wa chuma kwa sababu umelipa. Kwa mpenda nakshi hiyo ni thamani. Kwa mtu anayetaka ghorofa nne ni balaa. Bei moja, maana mbili.

Halafu kuna maji, na hapa maji yana maana zote mbili.

Ya kwanza ni maji ya bahari. Programu hupima umbali kwa mstari ulionyooka, kama kunguru arukavyo. Kwa kipimo hicho Likoni iko karibu na katikati ya mji kuliko Bamburi. Mlango wa bahari pale ni kama nusu kilomita tu. Basi mashine inakata shauri kwamba Likoni ni rahisi kupita kiasi, ni "fursa". Aliyewahi kusimama kwenye foleni ya feri saa moja asubuhi anajua kwa nini ni rahisi. Tazama upande wa pili: Nyali ilikuwa shamba la mkonge. Daraja la kuelea likaja 1931, daraja la zege la sasa likafunguliwa 1980, na leo huhitaji kunieleza bei za Nyali. Katika mji wa kisiwa, kilomita hazisemi kitu mpaka ujue zinavukwa vipi.

Ya pili ni maji ya kunywa. Mombasa haina mto wake wa kutegemea. Maji ya bomba yanatoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba. Yakifika ni kwa zamu, na mtaa mmoja haupati zamu sawa na mwingine. Visima navyo, vingi ni vya chumvi. Nyumba mbili za kodi sawa, moja bomba linatoka na nyingine mnanunua mitungi ya lita 20 kwenye mkokoteni, si za kodi sawa. Piga hesabu ya mitungi ya familia ya watu watano kwa mwezi mzima ndipo uniambie ipi ni rahisi. Sijaona tovuti yenye safu ya mitungi. Bwawa la kuogelea lina safu yake!

Najua jibu la wenzangu tunaoandika programu, kwa sababu nimelisikia mezani, Nairobi, kutoka kwa mkubwa wa kampuni moja nisiyoitaja: "Tuanze na data tuliyo nayo, mashine itajifunza." Itajifunza kutoka wapi? Data tuliyo nayo ni bei za kuombwa, si bei za kulipwa. Bei ambayo watu walipeana mikono hatuioni. Na ile inayoandikwa rasmi, mnunuzi wa mjini hutozwa asilimia 4 ya ushuru wa stempu juu yake, kwa hiyo kila mtu ana sababu ya kutamani iwe ndogo. Nyumba bila ardhi huuzwa kwa mdomo: fulani anauza, mwambie fulani. Haitangazwi. Kwa hiyo mashine inajifunza Mombasa kutoka kwa Nyali na Shanzu, kisha inakwenda kumfundisha shangazi yangu thamani ya Majengo.

Na kama unadhani data nyingi ingetuokoa, kumbuka Zillow. Marekani, nchi ambayo katika majimbo mengi bei za mauzo ni za wazi, kampuni iliyokuwa ikikadiria bei za nyumba kwa tarakilishi tangu 2006 iliamua kununua nyumba yenyewe kwa kutegemea makadirio hayo. Novemba 2021 ikatangaza kwamba inafunga biashara hiyo na kupunguza karibu robo ya wafanyakazi wake. Walikuwa na kila kitu ambacho sisi hatuna. Walipoteza pesa zao wenyewe, lakini. Namba zetu sisi zinapoteza pesa za wengine, ndiyo maana hakuna anayefunga kitu.

Wengine wanasema ngoja Ardhisasa. Mfumo huo wa serikali ulizinduliwa Aprili 2021, ukaanzia Nairobi, na mimi naunga mkono kila faili la vumbi linalotiwa kwenye tarakilishi. Lakini sajili ya hati huonyesha hati. Nyumba ambayo haijawahi kuwa na hati haitatokea kwa sababu faili limekuwa la kisasa. Itaonekana kiwanja, na jina la mwenye kiwanja, na juu yake patupu, ingawa watu wamezaliwa na kuzikwa kutoka mlango huo.

Ninachodai si utafiti wa uzamivu. Wekeni safu ya ardhi, tena iwe ya lazima: hati ya milele, hati ya miaka na imebaki mingapi, nyumba bila ardhi, wakfu, hakuna hati. Kodi iandikwe ni ya chumba au ya nyumba nzima. Bei iandikwe ni ya kuombwa au ya kulipwa, na mbili hizo zisijumlishwe kamwe. Maji yaulizwe: bomba siku ngapi kwa wiki, kisima, mkokoteni. Umbali upimwe kwa dakika za saa moja asubuhi, feri ikiwemo. Na pale ambapo mna matangazo matatu tu ya mtaa mzima, andikeni "hatujui". Ni neno moja, halijazi hata nusu ya skrini ya simu ndogo.

Kazi hiyo ya safu ni ya siku moja. Kuijaza ni kazi ya miaka, ya kwenda kwa miguu, kukaa barazani, kuuliza risiti ziko wapi. Ninajua hakuna mwekezaji anayelipia kukaa barazani. Basi wasilipie, lakini mpaka atakapopatikana mtu wa kwenda, ondoeni hiyo namba nene iliyoandikwa "Mombasa".