Sheria ya Kamari Imlinde Nani?

MWAKA 2003 nchi ndogo ya Antigua na Barbuda, iliyoko katika Bahari ya Karibi na ambayo wakazi wake wakati huo hawakufika laki moja, iliishtaki Marekani mbele ya Shirika la Biashara Duniani mjini Geneva. Shauri lilihusu kamari ichezwayo kwa njia ya intaneti. Tunalikumbusha leo kwa sababu maswali yaliyoulizwa Geneva yamekwisha kufika mlangoni petu. Kijana wa Mbagala au wa Igunga mwenye simu na shilingi elfu moja aweza kuweka dau juu ya mpira unaochezwa Manchester bila kuinuka kitandani, na akidhulumiwa hajui amshtaki nani, wapi, wala kwa sheria gani.

Antigua ni kisiwa kidogo kuliko Mafia. Biashara ya miwa ilikwisha kufa, na utalii ulikuwa ukitikiswa na vimbunga. Tangu mwaka 1994 serikali yake ilianza kuyapa leseni makampuni ya kuendesha kamari kwa simu na intaneti, wateja wao wengi wakiwa Wamarekani. Kwa maelezo ya Antigua yenyewe, mwaka 1999 kazi hiyo iliajiri watu wapatao 3,000; kufikia mwaka 2003 waliobaki hawakutimia 500. Hapana kimbunga kilichofanya hivyo. Ni sheria ya nchi nyingine.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1961. Ilitungwa kuwakomesha majambazi wa kamari waliotumia nyaya za simu na telegramu kupitisha dau kutoka jimbo moja hadi jingine. Miaka thelathini na zaidi baadaye ikamkuta Jay Cohen, Mmarekani aliyeacha kazi yake ya biashara ya hisa huko San Francisco, akaenda Antigua mwaka 1996 na kuanzisha na wenzake kampuni ya kupokea dau za michezo. Kampuni hiyo ilikuwa na leseni halali ya Antigua. Mteja alituma fedha zake huko, akafunguliwa akaunti huko, na dau lake likaandikwa huko. Cohen akajitetea kwamba kamari basi imechezwa Antigua. Mahakama ya New York haikukubali. Mwaka 2000 alipatikana na hatia, akahukumiwa kifungo cha miezi 21, na rufaa yake ikatupwa mwaka uliofuata. Msomaji atashangaa kidogo kusikia kwamba kampuni yake iliiga mfano wa shirika la umma la New York lililokuwa likipokea dau za mbio za farasi, na kwamba kifungo chenyewe alikitumikia Nevada, jirani na Las Vegas, mji uliojengwa juu ya kamari.

Hapo ndipo Antigua ilipokwenda Geneva. Marekani ilitoa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba haikuwahi kuahidi kufungua soko lake la kamari, kwa kuwa katika orodha ya ahadi zake iliandika kuwa inafungua huduma za burudani “isipokuwa za michezo”, na neno hilo, ilidai, linajumuisha kamari. Waamuzi walifungua kamusi, wakalinganisha maandishi ya Kiingereza na yale ya Kifaransa na Kihispania, wakaikataa hoja hiyo. Nchi kubwa yenye wanasheria wengi ilikuwa imefunga mkataba pasipo kutambua kwamba imeahidi jambo ambalo sheria zake zinalikataza.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi, nayo ndiyo inayotuhusu. Marekani ilisema kwamba hata kama iliahidi, mkataba wa biashara ya huduma unairuhusu nchi kulinda maadili ya umma. Baraza la Rufaa, katika uamuzi wake wa Aprili 2005, lilikubali. Lilisema kwamba sheria za namna hiyo zaweza kuwa za lazima kwa kulinda maadili na amani ya jamii. Hii ni kauli kubwa kwa nchi changa, maana wapo wanaopenda kutuambia kwamba tukishaingia katika biashara ya dunia hatuna tena haki ya kukataza kitu. Haki hiyo tunayo.

Lakini Baraza hilo likaongeza sharti. Ukikataza kwa ajili ya maadili, ukataze kwa wote. Marekani ilikuwa na sheria nyingine, ya mwaka 1978, iliyoonekana kuyaruhusu makampuni yake yenyewe kupokea dau za mbio za farasi kutoka jimbo hadi jimbo. Kama dau lipitalo katika waya linaharibu maadili, haliwezi kuacha kuyaharibu kwa kuwa tu farasi ni wa nyumbani. Kwa shimo hilo Marekani ikashindwa.

Yaliyofuata hayakumletea mshindi faida kubwa. Oktoba 2006 Marekani ilitunga sheria mpya iliyowakataza wenye biashara ya kamari haramu kupokea malipo kwa njia za benki na kadi. Farasi wakaachwa nje tena. Mwaka 2007 ikatangaza kwamba inaiondoa ahadi yake katika orodha. Antigua ilidai kulipiza kwa kiasi cha dola bilioni 3.4 kila mwaka. Marekani ikasema laki tano zatosha. Msuluhishi akakata dola milioni 21 kwa mwaka, kwa njia ya kusimamisha ulinzi wa hakimiliki za Wamarekani. Kibali kilitolewa Januari 2013. Visiwa vile vimebaki na hukumu mkononi. Na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoibatilisha sheria ya mwaka 1992 iliyoyakataza majimbo kuruhusu dau za michezo, majimbo mengi yalikimbilia kutoa leseni na kukusanya kodi. Leo Mmarekani katika sehemu kubwa ya nchi yake huweka dau kwa simu kama alivyofanya mteja wa Cohen, ila sasa fedha hazivuki bahari.

Ni haki kusema kwamba Mahakama hiyo haikuhukumu juu ya maadili; ilihukumu juu ya mamlaka ya Bunge la nchi dhidi ya mabunge ya majimbo. Hata hivyo, mwenye macho haambiwi tazama.

Tugeuke sasa tujitazame wenyewe. Mwaka uleule wa 2003 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ikachukua mahali pa sheria za mwaka 1967 na 1974, na kuiunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Ilitungwa kabla ya mtu yeyote nchini kutuma fedha kwa simu; huduma hiyo ilifika kwetu mwaka 2008. Sheria imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, kama inavyostahili. Wenzetu wa Kenya walikaa na sheria ya mwaka 1966 hadi Agosti 2025, walipotunga mpya. Katikati walipitia msukosuko wa mwaka 2019, Serikali yao ilipokataa kuhuisha leseni za makampuni kadhaa na ugomvi wa kodi ukayafunga makubwa kati ya hayo, na vilabu vya mpira vilivyokuwa vikilishwa na makampuni hayo vikaachwa mikono mitupu.

Swali linalojificha nyuma ya sheria zote hizi ni moja. Serikali inapolifungia kampuni la kigeni lisilo na leseni, inamlinda mwananchi au inalilinda pato lake? Yote mawili ni halali. Hazina ina haki ya kodi yake, na shule na zahanati hazijengwi kwa maneno matupu. Lakini tusiyachanganye, na hasa tusitumie jina la la kwanza kulifunika la pili. Kosa la Marekani kule Geneva lilikuwa hilo hasa.

Hesabu ya kamari yenyewe itatusaidia. Chukua timu mbili zinazolingana kabisa, bila sare. Malipo ya haki kwa atakayebahatisha ni mara mbili ya dau lake. Tuseme kampuni inatoa mara 1.9. Katika kila shilingi mia, kwa wastani, tano zinabaki kwa kampuni, na mtu aweza kusema kwamba hiyo ni ada ya burudani. Lakini vijana wetu hawachezi mechi moja. Wanatandika kile wanachokiita “mkeka”, mechi kumi kwa pamoja, na mkeka wa mechi kumi kama hizo una nafasi moja tu ya kushinda kati ya 1,024. Malipo yake ni mara 613 ya dau. Tofauti hiyo ndiyo faida: katika kila shilingi mia, kwa wastani, arobaini zimekwenda. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo tangazo linavyopendeza na ndivyo mchezaji anavyoliwa. Hapana wizi wala hila hapo, ni hesabu tu. Mwenye duka akikuuzia unga anapimiwa mizani na wakala wa vipimo. Sisi hatuoni kwa nini mwenye kuuza bahati asiandike kwenye kila mkeka, kwa tarakimu zinazosomeka, ni shilingi ngapi katika mia anazotarajia kubaki nazo.

Wapo watakaosema kwamba mtu mzima ana hiari yake. Tunaikubali hoja hiyo kuliko wanavyodhani. Waumini wa dini wana hukumu yao juu ya kamari, nayo inafahamika. Sheria ya nchi haikuwekwa kuwa sheikh wala padri. Lakini hiari ya mkataba ni ya pande mbili zinazoonana. Hapa kampuni inaona kila dau ambalo mchezaji amewahi kuweka, saa aliyoliweka, na alivyofanya baada ya kupoteza; mchezaji haoni kitu. Ni desturi ijulikanayo ya biashara hii, katika nchi nyingi, kumpunguzia dau mtu anayeshinda mno na kumtumia ofa yule anayeshindwa. Mfanyabiashara anayeruhusiwa kumfukuza mshindi na kumbembeleza mshindwa, kisha akauita mchezo huo wa bahati, amelitumia vibaya neno bahati.

Kuna pia suala la fedha zilizoko katika akaunti ya mchezaji. Ni za nani? Aprili 2011 wakuu wa mashtaka wa New York walizifunga tovuti tatu kubwa za karata. Miezi mitano baadaye walidai kwamba mojawapo, Full Tilt Poker, ilikuwa imewalipa wamiliki na wakurugenzi wake zaidi ya dola milioni 440 huku ikiwa haina fedha za kutosha kuwarudishia wachezaji amana zao. Waliofungua simu zao asubuhi ile walikuta kwamba salio walilokuwa wakiliona lilikuwa tarakimu tu. Kampuni inayotaka leseni ya nchi hii sharti iziweke fedha za wateja katika akaunti iliyotengwa, benki ya hapa nchini, isiyoguswa na wadai wa kampuni wala na wamiliki wake. Kampuni isiyoweza hilo haina haja ya kupewa miezi ya kujiandaa.

Na kuna suala la lugha, ambalo kwetu si dogo. Matangazo yote redioni humalizika kwa maneno yanayokimbizwa: vigezo na masharti kuzingatiwa. Vigezo gani? Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu kwa mujibu wa Bunge. Marekani, pamoja na wanasheria wake, ilinaswa na neno moja la Kiingereza katika orodha yake. Mpasua kokoto wa Kunduchi atanusurikaje na kurasa nyingi za lugha hiyo katika kioo cha simu? Sharti lolote ambalo halikuandikwa kwa Kiswahili mbele ya mteja wa Kitanzania lisiwe na nguvu dhidi yake mahakamani; na sharti linalompeleka akadai haki yake katika kisiwa cha mbali lihesabiwe kuwa halikuandikwa kabisa.

Mlango wa kuyatekeleza haya upo, na Marekani iliuona mwaka 2006. Huwezi kuuzingira mtandao wa intaneti kwa ukuta, lakini dau haliendi popote bila malipo, na malipo yetu hupita katika mitandao michache ya simu inayosimamiwa na Benki Kuu. Mitandao hiyo iagizwe isipitishe fedha kwa kampuni yoyote isiyo na leseni. Halafu mlango huohuo utumike upande wa pili, ambao Marekani haikuutaka: mchezaji aliyejiandikisha kwamba anataka kuachana na kamari asiweze kulipia dau kwa namba yake, kwa kampuni yoyote, ya kigeni au ya kizalendo, hata kama kampuni hiyo ndiyo mlipa kodi mkubwa. Namba za simu zimekwisha kusajiliwa kwa alama za vidole. Hakuna mtambo mpya wa kununua.

Liko jambo moja ambalo Bunge pekee ndilo linaloweza kulifanya. Bodi inayotoa leseni iko chini ya wizara inayohesabu mapato. Hatumtuhumu mtu yeyote kwa hilo. Watumishi wa Bodi wana kazi ngumu na wengi wanaifanya vizuri. Lakini siku mchezaji atakapolalamika dhidi ya kampuni inayojaza mfuko wa Hazina, malalamiko yake yanapaswa kusikilizwa na watu ambao bajeti ya mwaka ule haiwahusu. Tunapendekeza baraza la usuluhishi lililo nje ya Wizara ya Fedha, lenye mlango katika kila mkoa, ambamo mtu ataingia na simu yake, aonyeshe mkeka wake na masharti yake, na apewe jibu lililoandikwa katika muda wa siku 30.