Tufundishe kazi ya gavana, si majina tu

Natoa maoni yangu juu ya jinsi tunavyowafundisha watoto wetu habari za magavana waliotawala nchi hii.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Oldeani. Wanafunzi wangu hukariri vizuri sana: von Soden, gavana wa kwanza wa Kijerumani, mwaka 1891, Schnee, wa mwisho, Byatt, wa kwanza wa Kiingereza, mwaka 1920, Turnbull, aliyefunga orodha. Siku moja mtoto mmoja, ambaye mama yake ni kibarua wa kuchuma kahawa, aliniuliza: "Mwalimu, ni yupi kati ya hao aliyegawa mashamba haya?" Nilikwama.

Swali hilo lilinionyesha kosa letu. Tunafundisha watu, hatufundishi cheo. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, wakati wa Byatt, iliweka ardhi yote chini ya gavana, eti kwa manufaa ya wenyeji. Mwaka 1925, alipoingia Cameron, Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na baadaye wakafungua mashamba ya kahawa hapa Oldeani. Vita ilipoanza mwaka 1939, Serikali ya Kiingereza iliyachukua kama mali ya adui. Mwaka 1951, wakati wa Twining, Wameru walihamishwa kwa nguvu ili kuwapisha walowezi, hata Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa mwaka 1952.

Ndugu Mhariri, magavana walipokezana, wengine wakali na wengine wapole, lakini madaraka juu ya ardhi yalibaki katika cheo kile kile. Na kwa kuwa mwananchi hakumchagua gavana, hakuwa na njia ya kumwuliza. Maneno "kwa manufaa ya wenyeji" hayakuwasaidia Wameru hata kidogo.

Tarehe 9 Desemba, 1962 nchi yetu ikawa Jamhuri, na Mwalimu Nyerere akawa Rais wa kwanza. Leo sheria ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba yetu. Tofauti ni kubwa: mdhamini huyu tunamchagua wenyewe. Lakini mtoto asiyejua mdhamini ni nani, na anadhamini nini, atakuja kupiga kura kama anayekariri orodha.

Nawashauri walimu wenzangu na watunga mitihani: badala ya kuuliza tu "Nani alimfuata nani?", tuulize pia "Alifanya nini juu ya ardhi, na nani aliumia?" Yule mtoto anastahili jibu. Mashamba yenyewe anayaona kila asubuhi akija shuleni.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Oldeani, Karatu.