Mkrismasi Tuutazame Mpaka Mizizini

Desemba ikaribiapo, mkrismasi huzipamba bustani na nyua za shule zetu kwa maua mekundu. Asili ya mti huu ni Bukini, yaani Madagaska, na maelezo yake ya kibotania yalichapishwa mwaka 1829. Uzuri wake hauna ubishi. Linalostahili kupingwa ni sifa tunayoupa bure.

Kwa kuwa mkrismasi ni wa jamii ya kunde, wengi hudhani kwamba hurutubisha udongo kama kunde zenyewe. Kazi hiyo hufanywa na bakteria waishio katika vinundu vya mizizi, ambao huigeuza naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea. Robinia, mti wa mapambo wa jamii hiyohiyo utokao Marekani ya Kaskazini, una vinundu hivyo, mkrismasi hauna. Tena mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi, ikagombea maji na mimea jirani na hata kupasua mitaro.

Kwa hiyo tuupande kwa ajili ya kivuli na maua, mbali na majengo na matuta ya mboga. Nao walimu wasiridhike na wanafunzi kukariri sifa za jamii nzima. Wawaongoze kufukua taratibu mizizi ya mche wa mkrismasi na ya mkunde, waisuuze na kuilinganisha. Kinundu cha mkunde kikikatwa na kuonekana chekundu ndani, bakteria wake wamo kazini. Somo hilo halihitaji maabara; jembe, maji na wembe vyatosha.